Reli Inapokata Mtaa: Somo la Kuchagua Kivuko cha Miguu Kitakachotumika

Kila siku ya kazi, wakazi wengi wa Nairobi huvuka njia ya treni kwa miguu ili kufika kazini, shuleni, hospitalini na sokoni. Wengi wao hawapiti darajani. Hupita kwenye mianya ya kuta, juu ya kokoto na mataruma, wakiwa na watoto mkononi au mizigo kichwani. Makala hii ya mafunzo inaeleza kwa nini hali iko hivyo, namna wahandisi na wapangaji miji wanavyochagua aina ya kivuko, na mahali ambapo maoni ya mkazi yanaweza kubadilisha uamuzi kabla ya kazi ya ujenzi kuanza.

Jiji lililozaliwa na reli

Nairobi ni mtoto wa reli. Ujenzi wa Reli ya Uganda ulianza Mombasa mwaka wa 1896, na vyuma vikafika kwenye kinamasi cha Nairobi mwaka wa 1899. Hapo palikuwa tambarare, mahali pa kufaa kujenga stesheni, karakana na maghala kabla ya treni kuanza kupanda kuelekea Kikuyu na ukingo wa Bonde la Ufa. Makao makuu ya reli yakahamishwa kutoka Mombasa. Mwaka wa 1901 reli ilifika Kisumu, na nyuma yake mji ukaendelea kukua ukiizunguka stesheni.

Mji huo uligawanywa kwa rangi ya ngozi. Wazungu walijengewa makao kwenye miinuko ya magharibi, Waasia wakawa na mitaa yao, na Waafrika wakawekwa mashariki, karibu na karakana na viwanda walikofanya kazi. Muthurwa na Makongeni ni mitaa iliyojengwa ili kuwapa makao wafanyakazi wa reli. Katika mgawanyo huo, njia ya treni ilifaa kuwa mpaka: ilikuwa ndefu, ilikuwa mali ya serikali, na haikuvukwa kirahisi.

Mpaka huo ungalipo. Mkazi wa Kaloleni, Makongeni au Mbotela ana Barabara ya Jogoo upande mmoja na reli upande wa pili, na ng'ambo ya reli ndiko kuliko Eneo la Viwanda lenye ajira nyingi. Huko Kibera, ardhi waliyopewa askari Wanubi mwanzoni mwa karne ya 20, na ambayo jina lake katika Kinubi lina maana ya msitu, reli ya kuelekea Kisumu inapita katikati ya makazi. Nyumba zimesongamana pande zote mbili, na maisha ya kila siku hayako upande mmoja. Shule iko huku, zahanati iko kule. Bomba la maji huku, matatu ya kwenda kazini kule.

Kwa hivyo tatizo linalozungumziwa hapa halikuanza jana, wala halikuletwa na wakazi wanaovuka. Mtaa ulipangwa bila kufikiria kwamba siku moja watu wa pande zote mbili watahitajiana.

Kwa nini watu huvuka mahali pasipo kivuko

Mara nyingi husemwa kwamba wanaovuka reli ovyo ni wakaidi. Maelezo hayo ni mepesi, na hayasaidii kupanga. Hesabu ifuatayo inaonyesha jambo lenyewe vizuri zaidi.

Tuseme kuna vivuko viwili rasmi kwenye reli, na umbali kati yao ni mita 800. Mkazi anaishi katikati ya vivuko hivyo, na mahali anapofanyia kazi pako ng'ambo ya reli, mkabala na nyumba yake. Akifuata sheria, atatembea mita 400 hadi kivukoni, avuke, kisha arudi mita 400 upande wa pili. Hizo ni mita 800 za ziada. Kwa mwendo wa kawaida wa mita 1.2 kwa sekunde, ni dakika 11 hivi. Jioni atarudia, na jumla ya siku ni dakika 22. Akifanya kazi siku 6 kwa wiki, atakuwa ametembea zaidi ya saa 2 kila wiki ili tu kuzunguka reli ambayo angeivuka kwa sekunde 8.

Kwa mama anayebeba mboga kutoka sokoni, saa hizo ni uzito. Kwa mwanafunzi, ni kuchelewa kengele. Kwa kibarua anayesubiri kuchaguliwa langoni mwa kiwanda, kuchelewa dakika 10 kunaweza kumaanisha kukosa kazi ya siku hiyo. Ndiyo maana kijia hutokea kwenye nyasi, kisha tundu hutokea kwenye ua, na tundu likizibwa leo hufunguka tena kesho mita chache mbele.

Wapangaji miji hukisoma kijia kama hicho kama ushahidi. Kinaonyesha mahali watu wanapotoka, wanapokwenda, na ni njia ipi iliyo fupi kwao. Kivuko kinachojengwa juu ya kijia hicho au karibu nacho sana hutumika. Kikijengwa mbali kwa sababu huko ardhi ilikuwa wazi au ujenzi ulikuwa rahisi, hubaki kitupu huku watu wakiendelea kukanyaga mataruma.

Nairobi ililiona jambo hili kwenye Barabara Kuu ya Thika, iliyokamilika mwaka wa 2012. Penye madaraja ya miguu yaliyokuwa mbali na vituo na vijia vya watu, wengi walikimbia kuvuka kati ya magari, na baadaye ikabidi madaraja mengine yaongezwe. Reli ina funzo lile lile, ila treni haina usukani wa kumkwepa mtu.

Treni haisimami kama gari

Gari la kawaida hushika breki kwa mpira uliogusana na lami. Treni ina gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma, na chuma kwa chuma huteleza. Hiyo ndiyo sababu treni inaweza kuvuta mzigo mkubwa kwa mafuta machache, na ndiyo sababu pia haiwezi kusimama ghafla. Treni ya mizigo iliyojaa huhitaji mamia ya mita kusimama, na ikiwa kwenye kasi kubwa huweza kupita kilomita moja. Dereva anapomwona mtu relini, mara nyingi la kufanya ni kupiga honi.

Kwa hiyo usalama wa kivuko cha usawa wa reli, yaani kile ambacho mtu hukanyaga juu ya reli zenyewe, hutegemea kuona. Wahandisi huuliza: mtu anayeanza kuvuka anaiona treni ikiwa mbali kiasi gani?

Chukua mzee anayetembea mita 0.8 kwa sekunde, na eneo la hatari lenye upana wa mita 8. Atalivuka kwa sekunde 10. Mwongezee sekunde 5 za kutazama na kuamua, zinakuwa 15. Treni iliyo kwenye mwendo wa kilomita 40 kwa saa husafiri karibu mita 11 kila sekunde, kwa hivyo mzee huyo anahitaji kuiona ikiwa angalau mita 165 kutoka alipo. Mwendo ukiwa kilomita 60 kwa saa, umbali huo unafika karibu mita 250.

Sasa mtu asimame kwenye kijia cha Kibera au Mutindwa na atazame kushoto na kulia. Je, anaona mita 165 bila kuzibwa na kibanda, kona ya reli, nguo zilizoanikwa au moshi wa jiko? Asipoona, kivuko cha usawa hapo hakifai hadi kona isafishwe, au pawekwe kengele na taa, au treni ipunguzwe mwendo. Na penye njia mbili za treni kuna hatari ya ziada: treni ya kwanza ikishapita, huficha ya pili inayotoka upande mwingine.

Aina tatu za vivuko, na gharama ya kila moja kwa miguu

Kuna njia tatu za kumvusha mtu: juu ya reli, chini ya reli, au kwenye usawa wa reli. Wakazi wengi huomba daraja kwa sababu ndilo linaloonekana kuwa maendeleo. Kabla ya kuomba, inafaa kujua kila aina inamdai nini anayeitumia.

Daraja la miguu. Ni lazima lipite juu ya treni na mzigo wake, na nafasi ibaki. Tuseme sakafu ya daraja iko mita 6 juu ya ardhi. Kwa ngazi zenye kimo cha sentimita 15, hizo ni ngazi 40 kupanda na 40 kushuka. Kwa mtu wa kiti cha magurudumu, mwenye mkokoteni au mwenye baiskeli, ngazi hazina maana; anahitaji njia ya mteremko. Kipimo kinachotumika sana ni mita 12 za kwenda mbele kwa kila mita 1 ya kupanda. Kwa hivyo mita 6 zinahitaji mteremko wa mita 72 kila upande, jumla mita 144, bila kuhesabu sehemu tambarare za kupumzikia. Mtu atasafiri mita 144 ili avuke mita 8. Mteremko huo pia unahitaji ardhi, na katika mtaa uliosongamana ardhi hiyo huwa ni nyumba au kibanda cha mtu.

Kivuko cha chini. Binadamu ni mfupi kuliko treni, kwa hivyo kumpitisha chini huhitaji kimo kidogo. Sakafu ikiwa mita 3.5 chini ya ardhi, mteremko ni mita 42 kila upande. Na pale reli ilipojengwa juu ya tuta refu, kivuko cha chini kinaweza kupita sawasawa na ardhi bila ngazi hata moja. Ubaya wake unajulikana: maji na giza. Kivuko kisicho na mtaro wa kutoa maji hugeuka bwawa msimu wa masika, na mafuriko yaliyoikumba Nairobi mwezi wa Aprili na Mei 2024 yalikumbusha kila mtu kwamba maji hutafuta mahali pa chini. Kivuko chembamba, kirefu na chenye kona huogopwa usiku, hasa na wanawake na wasichana. Kinapaswa kuwa kipana, kifupi, na kiwe kinaonekana mwanzo hadi mwisho kabla mtu hajaingia.

Kivuko cha usawa wa reli. Ndicho rahisi zaidi kujenga, na ndicho kinachomfaa zaidi mwenye kiti cha magurudumu kwa sababu hakuna kupanda wala kushuka. Kinahitaji sakafu laini kati ya reli ili gurudumu lisinase, ua wa kumlazimisha mtu apinde na kutazama pande zote mbili, taa, na ishara ya kutangaza treni. Kinafaa penye treni chache zinazokwenda polepole na penye upeo mzuri wa kuona. Treni zikiongezeka au mwendo ukipanda, huacha kufaa.

Jibu, basi, hutegemea ardhi. Reli ikiwa ndani ya bonde lililochimbwa, daraja linaweza kutoka ukingo mmoja hadi mwingine bila ngazi. Ikiwa juu ya tuta, kivuko cha chini ndicho chenye nafuu. Swali la kwanza la mkazi kwa mhandisi liwe: hapa kwetu, ni aina ipi itakayotufanya tupande na kushuka kidogo zaidi?

Kibera: ukuta unahitaji milango

Kwa miaka mingi nyumba na vibanda vya Kibera vilikaribia reli kiasi kwamba treni ilipita hatua chache kutoka mlangoni. Shirika la Reli la Kenya, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, lilitekeleza mpango wa kuwahamisha waliokuwa ndani ya eneo la hatari huko Kibera na Mukuru. Waliohusika waliandikishwa, na nyumba pamoja na nafasi za biashara zikajengwa kwa ajili yao. Kuta zikajengwa kutenga njia ya treni na makazi, pamoja na njia maalum za kuvukia.

Mpango huo una mafunzo mawili kwa mtaa wowote unaopitiwa na reli. La kwanza ni kwamba watu wanaoishi karibu na reli wanaweza kuhesabiwa, kusikilizwa na kupewa mahali pengine badala ya kuamkia tingatinga. La pili ni kwamba ukuta pekee haumalizi kazi. Ukuta huzuia makazi yasirudi relini na humwokoa mtoto anayecheza. Lakini ukuta mrefu usio na milango ya kutosha huongeza mzunguko ule ule uliohesabiwa hapo juu, na mtu aliyefungiwa njia hutafuta mahali pa kubomoa. Akishapenya, anajikuta ndani ya ujia mwembamba kati ya kuta mbili, na treni ikija hana pa kukimbilia.

Kanuni inayofaa ni hii: idadi ya milango na mahali pake iamuliwe kabla ya ukuta kuanza. Kila kijia kinachotumika sana kipewe jibu, ama kwa kivuko pale pale, ama kwa kivuko kilicho karibu kiasi kwamba watu watakubali kuzunguka.

Inafaa kukumbuka kwamba kanuni hii haikukosekana reli ya kisasa ya SGR ilipojengwa. Katika hifadhi ya Tsavo viliachwa vivuko vya chini ili tembo na wanyama wengine wapite, na katika Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi reli iliinuliwa juu ya nguzo kwa takribani kilomita 6 ili wanyama waendelee kutembea chini yake. Waliopanga walikubali kwamba mnyama ana njia zake na hataziacha kwa sababu ya reli. Mkazi wa mtaani anastahili kufikiriwa vivyo hivyo.

Mambo yanayoua kivuko kizuri

Kivuko kinaweza kujengwa mahali pazuri na bado kikaachwa. Sababu za kawaida ni nne.

Giza. Taa zikiungua na kukaa miezi bila kubadilishwa, watu hurudi relini penye mwanga wa nyumba. Taa za barabarani ni jukumu la kaunti, na mkazi ana haki ya kuzidai.

Njia ya kufikia kivuko. Daraja linaloishia kwenye matope au mtaro ulio wazi halijakamilika. Mita 100 za mwanzo na za mwisho zina uzito sawa na daraja lenyewe.

Msongamano wa biashara. Penye watu ndipo penye soko, na mchuuzi hana kosa kulijua hilo. Lakini daraja la upana wa mita 3 likiwekwa nguo na nyanya pande zote mbili hubaki na mita 1, na mwenye kiti cha magurudumu hapiti. Dawa ni kutenga nafasi za biashara kwenye miguu ya daraja tangu mchoro wa kwanza, ili wachuuzi wawe karibu na wateja bila kuziba njia. Uwepo wao pia huongeza usalama jioni, kwa kuwa macho huwa mengi.

Kukosa mwenyewe. Nguzo iliyong'olewa chuma chake na kuuzwa kama vyuma kuukuu, mtaro ulioziba, ngazi iliyovunjika: bila mtu anayejulikana kuwa ndiye wa kuitwa, uharibifu mdogo hukua hadi kivuko kikafungwa.

Nani anawajibika?

Hapa ndipo wakazi wengi huzungushwa. Katiba ya Kenya ya 2010, katika Jedwali la Nne, inaipa serikali ya kitaifa jukumu la reli. Jedwali hilo hilo linaipa kaunti barabara za kaunti, taa za barabarani, uchukuzi wa umma barabarani, pamoja na mipango na maendeleo ya kaunti. Ardhi ya njia ya treni iko chini ya Shirika la Reli la Kenya, na sheria inayolisimamia shirika hilo hairuhusu mtu kutembea au kujenga humo bila idhini.

Maana yake ni kwamba kivuko kimoja kina wenyewe wawili. Sehemu iliyo juu, chini au ndani ya njia ya treni haiwezi kujengwa na kaunti bila idhini ya Shirika la Reli. Njia ya kufikia kivuko, taa na mitaro ya pembeni ni kazi ya kaunti. Upande mmoja ukijenga bila mwingine, hupatikana daraja lisilo na njia, au njia inayoishia ukutani. Kwa hivyo ombi la kivuko lipelekwe kwa pande zote mbili kwa pamoja, na nakala ya kila barua ipelekwe upande wa pili.

Kaunti ya Nairobi ina msingi wa kusimamia katika jambo hili. Sera yake ya usafiri usiotumia injini ya mwaka wa 2015 iliahidi kutenga asilimia 20 ya bajeti ya barabara kwa ajili ya wanaotembea kwa miguu na waendesha baiskeli. Kibinadamu pia, Kifungu cha 54 cha Katiba kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika kila mahali na kutumia uchukuzi wa umma kwa njia ifaayo. Kivuko chenye ngazi pekee kinamnyima haki hiyo.

Fursa kubwa zaidi iko katikati ya jiji. Mradi wa Nairobi Railway City, uliozinduliwa Desemba 2022, unahusu takribani ekari 425 za ardhi ya reli na maeneo jirani, pamoja na stesheni kuu mpya. Miongoni mwa malengo yake ni kuunganisha katikati ya jiji na upande wa kusini uliotengwa na reli kwa zaidi ya karne moja. Anayetoka Muthurwa kwenda Eneo la Viwanda kwa miguu ana sababu ya kufuatilia michoro hiyo na kuuliza: je, mtu asiye na tiketi ya treni ataweza kupita stesheni kwenda upande wa pili, mchana na usiku?

Namna ya kujenga hoja ya mtaa

Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mhandisi anajua chuma na saruji. Mkazi anajua ni wapi watoto huvuka na ni saa ngapi. Ujuzi huo wa pili ukiandikwa vizuri hubeba uzito mezani. Hatua zifuatazo hazihitaji fedha nyingi.

1. Kuchora vijia. Kikundi cha wakazi kinachora ramani ya kawaida ya mtaa, kikiweka alama kwenye kila mahali watu wanapovuka, pamoja na shule, zahanati, soko, vyoo, kituo cha matatu na mahali pa ibada.

2. Kuhesabu wanaovuka. Kwa kila kijia, watu wawili wanasimama mbali na reli na kuhesabu kuanzia saa kumi na mbili hadi saa mbili asubuhi, kisha saa kumi hadi saa moja jioni. Ihesabiwe siku ya kazi, siku ya soko na Jumapili. Watoto, wazee, wenye mizigo na wenye ulemavu waandikwe peke yao.

3. Kupima mzunguko. Mtu atembee kutoka kwenye kijia hadi kivuko rasmi kilicho karibu na kurudi upande wa pili, akiandika dakika.

4. Kupanga kwa umuhimu. Fedha hazitatosha kila kijia. Wakazi wakubaliane wao kwa wao ni kipi cha kwanza, wakiangalia idadi ya wanaovuka, urefu wa mzunguko, ubaya wa upeo wa kuona, na wingi wa watoto. Mtaa unaopeleka ombi moja lenye takwimu husikika kuliko unaopeleka maombi kumi yanayopingana.

5. Kufika kwa wakati. Mpango wa maendeleo wa kila mwaka wa kaunti huwasilishwa kwenye bunge la kaunti kufikia Septemba 1. Taarifa ya mkakati wa fedha huwasilishwa kufikia Februari 28, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30, kwa ajili ya mwaka wa fedha unaoanza Julai 1. Ombi linalofika mwezi wa Mei mara nyingi litasubiri mwaka mwingine. Vikao vya maoni ya umma hutangazwa kupitia ofisi za wadi na za kaunti ndogo.

6. Kuweka kwa maandishi. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inampa kila mtu haki ya kuwasilisha ombi rasmi kwa bunge la kaunti. Kwa masuala ya reli yenyewe, Kifungu cha 119 cha Katiba kinatoa haki hiyo hiyo mbele ya Bunge la kitaifa. Katika kila kikao, wakazi wahakikishe maoni yao yameandikwa kwenye kumbukumbu na waombe nakala.

Mradi unapofika hatua ya michoro, maswali ya kuuliza ni haya: Kivuko kiko umbali gani kutoka kwenye kijia tulichohesabu? Kina njia ya mteremko? Maji yatakwenda wapi? Nani atabadilisha taa? Wachuuzi watakaa wapi? Wakati wa ujenzi tutavukia wapi?

Wakati kivuko hakijajengwa

Mipango huchukua muda, na watu watavuka kesho asubuhi. Kilicho salama zaidi ni kutumia kivuko rasmi hata kama kiko mbali, hasa kwa watoto. Wazazi wa mtaa mmoja wanaweza kupeana zamu ya kuwavusha wanafunzi kwa kundi. Anayefika kwenye reli avue vifaa vya masikio, asimame, na atazame pande zote mbili. Treni ikishapita, asubiri hadi aone njia ya pili iko wazi. Mkokoteni au bodaboda ikinasa, kwanza watu waondoke, mali hufuata. Biashara na nguo za kuanika zisiwekwe mahali zinapoziba macho ya wanaovuka, na kwenye mataruma watoto wasiruhusiwe kucheza hata kama treni hupita mara chache, kwani treni za mizigo hazifuati ratiba ambayo mtaa unaijua.

Vijia vilivyopo leo vinaonyesha mahali kivuko kinapohitajika. Kwa mtaa ambao haujaanza kuhesabu, daftari moja, kalamu na asubuhi mbili zinatosha kuwa na takwimu za kupeleka kwenye kikao kijacho cha wadi.